Shilingi ya Utafiti na Haki Yake Mbele ya Kodi

Hotuba ya Kamati ya Elimu ya Ushirika, iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Lindi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Kwanza twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha miaka kumi na kutukutanisha leo tukiwa wazima. Wenzetu tuliokuwa nao siku ya kwanza, ambao sasa wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Pili twaushukuru uongozi kwa kutupa nafasi ya kusema, ingawa twajua kwamba baada yetu kuna ngoma na pilau, na harufu ya pilau ni hotuba kubwa kuliko hii yetu.

Katika sherehe za namna hii ni desturi kuhesabu yaliyojengwa: maghala, mizani, ofisi, na barabara ya kufikia ghala. Hayo yamekwisha kusemwa na wenzetu, nasi hatutayarudia. Kamati yetu imeombwa iseme juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni fedha za utafiti, na namna sheria ya kodi inavyozitazama fedha hizo. Twajua kwamba jina la kodi halipendezi masikioni. Lakini nyumba ya kodi ina milango miwili, mmoja wa kutoa na mmoja wa kubakiza, na wengi wetu twaujua ule wa kwanza tu.

Ndugu wanachama, utafiti si jambo geni kwetu. Bibi zetu waliochagua masuke bora ya mtama wakayatundika jikoni juu ya moshi, yawe mbegu ya mwaka ujao, walikuwa watafiti. Mvuvi wa Songo Songo anayejua bamvua lipi lafaa kutega na lipi lafaa kupumzika, ameyajua hayo kwa kujaribu. Utafiti wa wataalamu watofautiana na huo kwa mambo machache: wao hupima, huandika, hulinganisha, na hukubali kushindwa mapema katika shamba dogo ili wasishindwe baadaye katika shamba kubwa.

Hasara ya kuliruka jambo hili twaijua kuliko watu wengi duniani, maana ilitendeka mlangoni petu. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa muda wa majuma tisa, ukarudi na shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini. Mwaka uliofuata kazi ikaanza. Huku kwetu pori la Nachingwea lilifyekwa kwa mashine kubwa, na reli ikajengwa kutoka pwani kuelekea huko. Kule Kongwa ardhi ilipokauka iligeuka ngumu kama tofali, hata karanga zilizoota ikawa taabu kuzing'oa, na mvua hazikunyesha kwa kiasi walichotumaini waliopanga. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umeshindwa, na kiasi cha pauni milioni 36, fedha za walipa kodi wa nchi ile, zikafutwa vitabuni. Reli ya Nachingwea nayo ikafungwa mwaka 1962. Fedha zilikuwapo, mashine zilikuwapo, na vibarua walikuwapo. Kilichokosekana ni misimu michache ya kujaribu kwanza katika mashamba madogo.

Sasa tutazame upande wa pili. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho kiasi cha tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 17,000. Mambo yaliyoleta anguko hilo yalikuwa mengi. Watu walihamishiwa vijiji vipya, wakaiacha mikorosho yao mbali, nayo ikamezwa na pori. Bei ilikuwa ndogo, haikumvuta mtu kurudi kupalilia. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na havikurudi mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Na juu ya hayo yote ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hushika machipukizi machanga na maua wakati wa kipupwe, yakakauka mtini kabla ya kushika tunda. Mkulima aliuona mti wake umevaa vumbi jeupe, akadhani ni mkosi.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, pamoja na wenzao waliotoka nje, ndio waliofanya kazi ya kuufahamu ugonjwa ule. Walionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati wake huyakinga maua, na kwamba ukichelewa ni kupoteza fedha. Wakachagua mikorosho yenye kuzaa vizuri, wakafundisha kubebesha miche, wakatoa aina mpya moja baada ya nyingine. Katika ufuta, ambao ndio fedha ya haraka ya mkulima wa Kilwa, Liwale na Nachingwea, kituo hicho hicho kilitoa mbegu kadhaa, na mojawapo yaitwa Lindi 2002, ikibeba jina la mkoa wetu. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna korosho tani zaidi ya 310,000. Hatusemi kwamba utafiti peke yake ulileta mavuno hayo, kwa kuwa bei nzuri iliwarudisha watu mashambani. Lakini bila salfa, bei nzuri ingeukuta mti mtupu.

Basi ni nani alipie kazi ya namna hiyo? Hapo ndipo sheria ya kodi inapoingia.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 yasema hivi kwa ufupi: mwenye biashara anapopiga hesabu ya mapato yake ya mwaka, anaruhusiwa kuondoa gharama alizotumia kuendeleza kilimo, gharama za utafiti na maendeleo, na gharama za kuhifadhi mazingira, kabla kodi haijahesabiwa. Utafiti na maendeleo, kwa maana ya sheria hiyo, ni gharama za kuikuza biashara na kuboresha bidhaa zake au njia ya kuzitengeneza. Bei ya kununulia mali ya kudumu, kama jengo au mashine, haimo humo, kwa sababu mali ya kudumu ina kanuni zake za uchakavu.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kampuni ya kubangua korosho imepata faida ya shilingi 10,000,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo ingelipa shilingi 3,000,000. Lakini tuseme mwaka huo imetumia shilingi 1,000,000 kujaribu njia mpya ya kukausha, ili punje zisivunjike wakati wa kubangua. Faida inayotozwa kodi itabaki shilingi 9,000,000, na kodi yake itakuwa shilingi 2,700,000. Imepata nafuu ya laki tatu. Angalieni vizuri, ndugu zetu: katika milioni ile moja, laki tatu zimebebwa na Hazina, na laki saba zimetoka mfukoni mwa kampuni yenyewe. Asije mtu akadhani kwamba nafuu ya kodi ni zawadi. Ni mkono wa pili unaosaidia kubeba mzigo ambao mwenyewe amekwisha kuunyanyua.

Jirani zetu wa Kenya na Uganda nao huruhusu gharama za utafiti wa kisayansi kuondolewa katika hesabu ya kodi. Mataifa mengine yamekwenda mbali zaidi. Marekani tangu mwaka 1981, Ufaransa tangu mwaka 1983, na Uingereza tangu mwaka 2000 zimewapa wenye kufanya utafiti nafuu iliyo kubwa kuliko kule kuondoa gharama tu. Wanalo neno la kujitetea, nalo ni hili: matunda ya utafiti hayakai ndani ya nyumba ya aliyeulipia. Mtu akigundua namna bora ya kupanda ufuta, jirani yake huona juu ya ua, huiga, na kijiji kizima hupata. Kwa kuwa faida ni ya wengi, si haki gharama iwe ya mmoja, wala hapatakuwa na wengi watakaokubali kuibeba peke yao. Hata hivyo mataifa hayo yameonja pia ubaya wa jambo hili. Uingereza imelazimika kuzikaza kanuni zake baada ya kuona kwamba baadhi ya watu waliita kazi yao ya kila siku utafiti, ili wapunguziwe kodi. Mlango wa nafuu hauna budi kuwa na bawabu.

Sasa twafika penye uchungu. Nafuu hii humfikia nani? Humfikia mwenye faida inayotozwa kodi, tena mwenye daftari. Mkulima wa ekari tatu kule Njinjo hana hesabu za kampuni za kupeleka kwa watoza kodi. Chama cha msingi cha kilimo chenye mauzo madogo, sheria imekisamehe kodi ya mapato, nasi twashukuru kwa hilo. Lakini aliyesamehewa hawezi tena kupunguziwa. Mwavuli humfaa aliyesimama juani. Aliye ndani ya nyumba akipewa mwavuli, atautundika ukutani. Hivyo nafuu ya utafiti huwafikia wenye viwanda na makampuni, na haimfikii yule ambaye mti wake ndio unaougua.

Je, twaweza kusema kwamba mkulima huyo halipi kitu? La, hasha. Korosho ghafi zinazosafirishwa nje hutozwa ushuru. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 iliuweka ushuru huo kuwa asilimia 15 ya bei ya kupakia melini, au dola 160 za Marekani kwa kila tani, kwa kuchukua kile kilicho kikubwa. Ni kweli kwamba anayelipa bandarini ni msafirishaji. Lakini msafirishaji anapokuja mnadani ameshaupiga hesabu, na bei anayoandika katika karatasi yake imekwisha kupunguzwa. Kwa hiyo sehemu ya mzigo humshukia mkulima, bila yeye kupewa stakabadhi.

Kwa sheria ile, asilimia 65 ya ushuru ilikwenda kuliendeleza zao lenyewe, utafiti na pembejeo zikiwamo, na asilimia 35 ilikwenda Hazina. Mwezi wa Juni 2018 Bunge liliibadili sheria, fedha zote zikaelekezwa katika Mfuko Mkuu wa Hazina, baada ya mjadala mkali ambao wabunge wa kusini walisimama kuupinga. Misimu mitatu iliyofuata mavuno hayakufika yale ya 2017/18. Hatutaki kuitwisha sheria lawama yote, kwa kuwa hali ya hewa na matatizo ya soko la msimu wa 2018/19 nayo yalikuwamo. Baadaye Serikali ilirudi kugawa salfa na viuatilifu kwa ruzuku, mavuno yakapanda tena, na msimu wa 2024/25 yakapita tani 500,000. Twashukuru. Ila fundisho tusilisahau: fedha ya utafiti inayotegemea mstari mmoja wa sheria yaweza kukauka kwa siku moja, na maua ya mkorosho hayangoji kikao kijacho cha Bunge.

Wako wakulima wa nchi nyingine waliolipatia jambo hili dawa. Huko Australia, tangu mwaka 1989, wakulima wa mazao mbalimbali hutoa tozo ndogo kwa ajili ya utafiti wa zao lao, na serikali huweka kiasi kilicho sawa na kile walichotoa, mpaka kikomo kilichotajwa na sheria. Hiyo ni nafuu iliyoshonwa kwa kipimo cha mkulima. Mwenye kampuni hupunguziwa kodi. Mkulima huongezewa juu ya mchango wake. Na hapa nchini wenzetu wa kahawa wana taasisi yao ya utafiti, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, na wakulima wenyewe wameigharimia kwa sehemu kwa makato ya kahawa yao. Basi si jambo lililo nje ya uwezo wa watu kama sisi.

Ndugu wanachama, kabla ya kuwaomba lolote, yatupasa tuungame letu. Katika mwaka wa nne wa Chama chetu tulifanya jaribio. Wanachama wa vijiji vitatu walitoa mikorosho ishirini kila kijiji. Nusu ya miti ilipulizwa salfa kwa tarehe zilizozoeleka, na nusu ilipulizwa bwana shamba alipoona dalili za kwanza za ugonjwa. Kazi ilifanyika vizuri, na watu walijitolea. Lakini matokeo yaliandikwa katika daftari la shule. Kipupwe kilipokwisha, daftari lilihamia nyumbani kwa mmoja wetu, na masika ikalikuta chini ya paa linalovuja. Fedha za salfa na posho za vijana zikaingizwa vitabuni chini ya maneno "gharama nyinginezo". Mkaguzi alipotuuliza ni gharama gani hizo, tulitazamana. Tukapoteza mara mbili: tulipoteza elimu tuliyoinunua, na tulipoteza haki ya kuiita gharama ile kwa jina lake mbele ya kodi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliwasikia, hatukuwatii.

Twajua pia kwamba yuko mwanachama anayesema moyoni: "Utafiti hauliwi. Nipeni changu sasa, watoto wangu waende shule." Neno hilo si la kuchekwa. Mtu mwenye magunia matatu ana haki ya kuuliza kila senti inayokatwa inakwenda wapi, na makato yamekwisha kuwa mengi. Jibu letu ni kwamba salfa nayo hailiwi, wala mbegu ya ufuta iliyohifadhiwa hailiwi, lakini hakuna anayezitupa. Tena twasema kwamba kato lolote la utafiti lisilosomewa hesabu yake hadharani, mwanachama asilikubali hata likiitwa jina zuri namna gani.

Kwa hiyo Kamati yetu yaleta mashauri manne, ili Mkutano Mkuu uyapime.

La kwanza, Chama Kikuu kifungue katika vitabu vyake hesabu maalumu ya majaribio na utafiti. Kila shilingi itakayotumika kwa salfa ya majaribio, kwa mbegu za majaribio, au kwa mtaalamu aliyealikwa, iandikwe humo pamoja na stakabadhi yake, tarehe yake, kijiji chake na kusudi lake. Pale Chama kitakapokuwa na faida inayotozwa kodi, gharama hizo zitaondolewa kwa haki, bila kubembeleza mtu. Na siku tutakapobangua korosho zetu wenyewe, mazoea hayo yatakuwa yametutangulia.

La pili, nafuu yoyote ya kodi itakayopatikana kwa njia hiyo isigawanywe wala isimezwe na ofisi, bali irudi katika hesabu ile ile ya utafiti. Laki tatu ya mwaka huu iwe mwanzo wa jaribio la mwaka ujao. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, kila chama cha msingi kitenge shamba dogo la majaribio, hata likiwa la nusu ekari, na tuombe wataalamu wa Naliendele watuongoze katika kupima na kuandika. Matokeo yasomwe kijijini, kwa lugha ya kijijini, yawe mazuri au mabaya. Jaribio lililoshindwa likiandikwa, limemwokoa jirani. Lisipoandikwa, limetutia hasara bure.

La nne, tuseme kwa sauti moja, kwa adabu na bila kuchoka, kwamba sehemu ya ushuru wa korosho irudi katika utafiti kwa kiwango kilichotajwa na sheria, kisichobadilika kila msimu. Hatuombi hisani. Kampuni inayojaribu kuboresha bidhaa yake imepewa haki na sheria ya mwaka 2004. Mkulima anayelipa ushuru kupitia bei ya mnada ana haki iliyo ndugu ya hiyo. Hazina ikikubali kubeba laki tatu za mwenye kiwanda, na ibebe pia kitu katika mzigo wa mwenye shamba, maana kiwanda hakibangui korosho isiyozaliwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, miaka kumi ni umri wa mkorosho uliokwisha kuanza kuzaa vizuri. Aliyeupanda ameona tunda, lakini kivuli chake kikubwa bado kinakuja. Tuliojenga maghala tumefanya kazi njema, na maghala hayo yatakaa. Lakini ghala halizalishi. Hupokea tu kilichozaliwa shambani. Mwaka ambao ubwiri unga, au ugonjwa mwingine tusioujua bado, utakapopita juu ya mwambao huu, hatutaulizwa tuna maghala mangapi. Tutaulizwa tulijifunza nini, na tuliliweka wapi daftari.

Daftari jipya limekwisha kununuliwa, lina jalada gumu, na limewekwa katika sanduku la chuma la Chama. Ukurasa wake wa kwanza bado ni mweupe. Twauacha mikononi mwenu, ndugu wanachama.